Ukikuta boti usiyoielewa karibu na mpaka, ripoti hivi

Wanangu wavuvi wa Feri, Dar, na nyie mnaopeleka mizigo Mtwara, mkakati wa ulinzi wa bahari upo, ila meli ya doria haiwezi kukaa kila kona kuanzia Tanga mpaka mdomo wa Ruvuma, kwa hiyo taarifa ya kwanza ya boti ya maharamia inaweza kutoka kwako wewe nahodha uliyekuwa unavua zako.

Cha kuangalia ni hiki. Boti ya faiba, mashine kubwa mbili, madumu ya mafuta yamejaa, ngazi ndefu ina ndoano juu, halafu hakuna wavu, hakuna mshipi, hata barafu hamna. Hao wanavua nini? Jahazi linalovuta viboti huko mbali nalo lishtukie, maana maharamia wa Kisomali huwa wanateka jahazi la wavuvi kwanza, wanaligeuza kambi, ndo wanafuata meli kubwa. Na msiseme yameisha, Desemba 2023 waliteka meli ya mizigo MV Ruen, wanamaji wa India wakaikomboa Machi 2024.

Usiwasogelee, na habari za kurekodi video achana nazo. Hifadhi pointi, yaani namba za mahali ulipo, kwenye jipiesi hapo hapo, andika saa, wanaelekea wapi, wako wangapi, boti rangi gani. Pointi ndo kila kitu jamani, kwa sababu ndani ya maili 12 za baharini kutoka pwani tukio linahesabiwa unyang'anyi wa kutumia silaha ndani ya nchi, nje ya hapo kisheria ndo unaanza kuongelea uharamia, na wakishavuka kuingia maji ya jirani wanamaji wetu hawawezi kuwafuata tu bila ruhusa, lazima nchi ziongee. "Kule karibu na Mafia" haimsaidii mtu.

Kisha shika redio ya VHF, chaneli 16, ile ya dharura. Taja chombo chako, pointi, ulichokiona, basi, hadithi ndefu baadaye. Ita kituo cha uokoaji cha Dar kilicho chini ya TASAC, shirika la serikali la mambo ya meli, wao ndo wataunganisha na Wanamaji au Polisi Wanamaji, na ukiwa upande wa Zanzibar kuna KMKM, kikosi cha kuzuia magendo. Redio ya mkononi haifiki mbali, omba meli yoyote kubwa iliyo karibu ikurushie ujumbe wako kwa kituo.

Wakigeuza kukufuata wewe, tangaza Mayday, yaani wito wa hatari, mapema, elekea pwani au penye vyombo vingi. Wakikufikia na bunduki usijifanye komando. Na ukifika salama usifute ile pointi, polisi wataitaka.