Namna ya Kuchora Hadithi Ukutani kwa Udongo wa Ugogo

Vijana wanaokuja kwangu hapa Mvumi, Dodoma, huuliza kwanza rangi inatengenezwaje. Nami huwauliza: una hadithi gani? Sikusomea uchoraji popote. Kilichonifanya nishike mkaa nikiwa mtoto, na kinachonifanya niendelee kuchora uzeeni, ni yale aliyonisimulia bibi kuhusu Mtunya, njaa iliyoikumba Ugogo kati ya 1917 na 1920. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, halafu mvua nayo ikagoma.

Ukishapata hadithi, usiichore yote. Chagua kitu kimoja kitakachoibeba. Njaa usiichore kwa mbavu za watu. Kwanza ni kuwavunjia heshima marehemu, pili mtazamaji hugeuza uso. Mimi huchora kinu chenye utando wa buibui mdomoni. Mama yeyote wa hapa akikiona hahitaji kuelezwa kwamba nyumba hiyo haijatwanga siku nyingi.

Sasa rangi. Udongo mwekundu upo kwenye kingo za makorongo. Utwange, uloweke kwenye ndoo, ukoroge, usubiri kidogo mchanga ushuke, kisha umimine yale maji mekundu kwenye chombo kingine. Rudia mpaka ukisugua tope kati ya vidole usisikie chembe. Nyeusi ni mkaa uliosagwa, nyeupe ni chokaa iliyochujwa. Chokaa inachoma macho, watoto wasiishike.

Gundi ni utomvu wa mgunga ulioganda kwenye gome. Loweka usiku kucha kwenye maji ya vuguvugu, chuja kwa kitambaa, changanya na udongo na mkaa, chokaa haihitaji. Hapa usiwe na haraka. Paka kidogo kwenye kigae, kikauke, sugua kwa kidole. Ikibaki kidoleni, ongeza gundi. Iking'aa na kubanduka magamba, gundi imezidi, ongeza udongo. Gundi hii huyeyuka kwa maji, kwa hiyo chora ukuta wa ndani, au ulio chini ya upenu, uliokandikwa kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe na kukauka kabisa.

Chora kwanza kwa mkaa, kwa mkono mwepesi. Sehemu kubwa zipake kwa brashi ya manyoya ya mbuzi yaliyofungwa kwenye kijiti. Utando wa buibui brashi haiuwezi. Paka mdomo wa kinu mweusi, uache ukauke, kisha chovya ncha ya mwiba wa mgunga kwenye chokaa nyepesi. Vuta nyuzi kutoka katikati kwenda ukingoni, kila uzi kwa pumzi moja, ndipo uzikingamishe. Mmoja uache umekatika, uning'inie. Huo uliokatika ndio unaofanya utando uonekane wa kweli.

Kwa miili ya watu, kama mama mwenye kinu hicho, nenda Kolo, Kondoa, ukaone michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Wale watu wekundu, wembamba, wengi hawana macho wala mdomo, lakini mkono na kiuno vinakwambia nani anacheza na nani amechoka. Kaa mbele yao muda mrefu. Usiwaguse, wala usiwamwagie maji ili waonekane vizuri, maji yanawaharibu.

Ukimaliza, mwite mtoto asiyeijua hadithi, umwambie akusimulie anachokiona. Usimsaidie. Akisema mama anakwenda kutwanga, basi yule mama yuko karibu mno na kinu na mikono yake imejiandaa kufanya kazi. Msogeze mpaka mlangoni, mikono aishushe, mchi uegemee ukuta. Kisha mwite mtoto mwingine.