Jinsi ya kukusanya sarafu za Kenyatta, 1966 hadi 1978

Anayeanza huwa na pupa ya kununua. Tulia kidogo: sarafu za Mzee ni mafungu mawili, na wauzaji wengi huzimwaga zote katika bakuli moja.

1. Weka mipaka. Kenya ilianza kutoa sarafu zake mwaka 1966. Zile zenye tundu katikati ni za Afrika Mashariki, za kabla ya hapo. Ziweke kando, hata zikikuvutia. Mwisho wako ni 1978, kwani sura ya Moi iliingia 1980.

2. Andika orodha. Ndururu (senti 5), peni (senti 10), senti 25, sumuni (senti 50), shilingi 1 na shilingi 2. Mbili za kwanza ni za manjano, nne zilizobaki ni nyeupe. Zitakazokuchelewesha ni senti 25 na shilingi 2, maana zilitolewa miaka michache tu.

3. Tazama kuzunguka kichwa. Hapa ndipo penye kazi. Kwenye sarafu za 1966 hadi 1968 kichwa cha Mzee kiko peke yake, bila neno lolote kandokando. Kuanzia 1969 kimezungukwa na maandishi ya Kiingereza yanayomtaja kuwa rais wa kwanza wa Kenya. Kwa hiyo mtu akikuambia ana "shilingi ya Kenyatta", bado hajakuambia kitu. Omba picha ya pande zote mbili, kisha linganisha mwaka na maandishi. Mimi ningekamilisha fungu lisilo na maandishi kwanza. Miaka yake ni mitatu tu.

4. Jaribu sumaku. Sarafu hizi ni za mchanganyiko wa shaba, hazishikwi na sumaku. Ikinasa, ni chuma, irudishe.

5. Usisugue! Ndimu, majivu, dawa ya meno: vyote huondoa ngozi ya juu ya sarafu, na mkusanyaji mzoefu huona mikwaruzo hiyo mara moja. Uchafu wa mkono uoshe kwa maji vuguvugu na sabuni laini, kisha ikaushe kwa kuigusagusa na kitambaa cha pamba. Ishike ukingoni, kamwe si usoni. Epuka mifuko ya plastiki laini yenye harufu kali, kwa kuwa baada ya muda huacha utando wa kijani unaonata.

6. Ukishiba hizo, tafuta shilingi 5 ya 1973, ya miaka 10 ya uhuru: ya manjano, yenye pembe tisa. Usiuziwe badala yake ile nyeupe ya pembe saba ya 1985. Hiyo ina sura ya Moi. Kuna pia za dhahabu za 1966, za shilingi 100, 250 na 500. Hizo mimi huzitazama kwa macho tu.