Mafuta Yakishika Moto Jikoni: Cha Kufanya, Hatua kwa Hatua

Ukimwagia maji mafuta yanayowaka, huuzimi moto, unaurusha. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo huzama hadi chini ya kikaango. Huko hukuta joto linalozidi nyuzi 300 za Selsiasi, hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke huo hutaka nafasi kubwa mara 1,700 hivi kuliko maji yenyewe. Unapofumka kwenda juu huondoka na mafuta yanayowaka, na moto uliokuwa wa kikaango unakuwa wa dari. Kikombe kimoja kinatosha kufanya hivyo.

Kabla ya kuwasha jiko

Tafuta mfuniko wa chuma, bapa, mpana kuliko sufuria, uuweke karibu na mkono. Sinia ya chuma nayo inafaa. Mfuniko wa kioo unaweza kupasuka kwa joto, na wa plastiki usiufikirie kabisa.

Mafuta yasizidi theluthi moja ya kina cha sufuria. Chakula kikaushe kwanza, maana majimaji yake ndiyo yanayofanya mafuta yachemke kwa povu, yafurike na kuteremkia kwenye moto.

Kisha usiondoke. Mafuta mengi ya kupikia huanza kufuka moshi yakifika nyuzi 200 hadi 230. Yakiendelea kupata moto mpaka kupita 350 hivi, huwaka yenyewe bila hata kuguswa na mwali, ndiyo maana jiko la umeme nalo si salama kwa mtu anayekaanga huku yuko sebuleni. Ukiona moshi, zima jiko na uache sufuria ilipo.

Yakiwaka

1. Zima jiko, ikiwa unaifikia swichi bila kupitisha mkono juu ya miali. Kama huifikii, anza na hatua ya pili.
2. Shika mfuniko wima kidogo mbele yako, uwe ngao, kisha utelezeshe juu ya sufuria kuanzia upande wako kwenda mbele. Usiudondoshe kutoka juu, mafuta yataruka.
3. Usifunue. Hapa ndipo wengi huharibu kazi iliyokwisha kufanyika. Miali hufa mara moja kwa kukosa hewa, lakini mafuta bado yana joto la kujiwasha upya, na ukichungulia unayapa hewa hiyo. Acha mpaka sufuria ipoe kabisa, hata kama ni saa nzima.

Usibebe sufuria kuipeleka nje. Upepo wa mwendo wako huelekeza miali usoni, mpini unachoma, unaachia, na mafuta yanakumwagikia miguuni. Unga wa ngano usiurushe pia: vumbi lake likitawanyika hewani huwaka kwa mlipuko.

Mtungi wa kuzimia moto ukiwapo, simama mbali kwa mita 2 hivi. Ukipulizia kwa karibu, msukumo wake hutawanya mafuta. Mtungi wa kilo 1 wenye unga wa kuzimia moto (si wa ngano) huisha kwa sekunde 10 hivi, kwa hiyo usiufungulie ukiwa bado mlangoni.

Moto ukifika kwenye kabati au dari

Mapambano yameisha. Toa watu, inama chini ya moshi au tambaa, na funga mlango wa chumba cha jikoni nyuma yako. Mlango uliofungwa, hata wa mbao za kawaida, huchelewesha moto na moshi kwa dakika za maana, na moshi ndio unaoua zaidi kuliko miali. Zimamoto wapigie ukiwa nje. Usirudi kuchukua kitu.

Ukisikia harufu ya gesi

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na kujikusanya kwenye pembe. Ikifika asilimia 2 hivi tu ya hewa, cheche moja inailipua. Kwa hiyo usiguse swichi, hata ya kuzima taa, wala feni. Funga valvu ya mtungi, fungua milango (dirisha la juu peke yake halisaidii sana), kisha tokeni. Kuvuja hupimwa kwa povu la sabuni kwenye maungio ya regulata na mpira. Likivimba mapovu, hapo ndipo. Kiberiti si kipimo.

Aliyeungua

Vua pete na bangili kabla mwili haujavimba. Weka sehemu iliyoungua chini ya maji baridi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Dakika 2 zinazozoeleka ni chache mno, kwani joto linaendelea kuingia ndani ya nyama. Barafu, dawa ya meno, yai na siagi viache. Nguo iliyogandia kwenye ngozi usiibandue. Na kama ajali ilitokea muda umepita, usiseme tumechelewa: maji hayo bado yanasaidia hadi saa 3 baada ya kuungua.