Sabufa inavuma? Tafuta mvumo unapoingilia kabla hujanunua kitu

Ule mvumo mzito unaosikika hata muziki ukiwa umezimwa hauna chanzo kimoja. Umeme wa nyumbani ni volti 230 unaopiga mizunguko 50 kwa sekunde, na mizunguko hiyo ndiyo unayoisikia kwenye spika. Swali ni imepitia mlango gani.

Anza hivi. Chomoa waya zote za AV nyuma ya sabufa, pamoja na flashi na antena ya redio, kisha shusha sauti mpaka sifuri. Kama bado inavuma, tatizo liko ndani yake na dawa yake ni fundi redio. Wa kwanza kushukiwa ni zile kapasita kubwa za kuchuja umeme, mara nyingi za mikrofaradi 4700, volti 25 au 35. Zikikauka kwa joto huchuja vibaya, na nyingine huvimba kichwa. Mpya ziwe na volti zilezile au zaidi, zisipungue, na mstari wa hasi ukae upande uleule. Usifungue mwenyewe: sabufa nyepesi isiyo na transfoma kubwa ina kapasita inayoweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa plagi.

Kama imenyamaza, rudisha waya mmoja mmoja. Ikiguna ulipochomeka waya wa king'amuzi, zima king'amuzi ukutani, fungua kebo ya dishi kwa nyuma, kisha washa tena. Mvumo ukiwa umeondoka, mlango umeshaupata. Sabufa ya pini tatu inashika ardhi kupitia plagi. King'amuzi kinashika ardhi nyingine kupitia kebo ya dishi na nguzo iliyochimbiwa uani. Ardhi hizo mbili hazilingani volti, kwa hiyo umeme mdogo unasafiri kutoka moja kwenda nyingine juu ya ganda la nje la waya wa AV, ganda lilelile linalobeba muziki. Sabufa ya pini mbili nayo haijasalimika, maana huvujisha umeme kidogo kupitia njia hiyohiyo. Ndiyo ile hali ya kusisimkwa vidole ukigusa ncha ya waya.

Hapa Tabora jambo hili lina msimu wake. Kuanzia Juni hadi Oktoba udongo wetu wenye kichanga unakauka, na fimbo ya ethi ya mita 1.2, ile ya chuma inayounganisha umeme wa nyumba na ardhi, inabaki imesimama kwenye vumbi. Umeme unaovuja kwenye friji na chaja hauna pa kwenda, hivyo ethi ya nyumba inapanda volti kuliko nguzo ya dishi. Jaribu: mimina ndoo mbili za lita 20 taratibu kwenye shina la fimbo, subiri nusu saa, usikilize tena. Mvumo ukipungua, ugonjwa uko ardhini. Multimita (kipima volti) peke yake hapa inadanganya, kwa kuwa kati ya laivu (waya wenye moto) na ethi inaweza kusoma 230 kamili hata kama fimbo haishiki kitu cha maana. Ikisoma 90 au 120 inayoyumbayumba, basi huenda waya wa ethi haujafungwa kabisa nyuma ya soketi.

Maji ni ya kupimia tu. Tiba ni fundi umeme mwenye leseni aongeze fimbo ya pili, umbali wa mita 2.5 hivi kutoka ya kwanza, aziunganishe kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 16, na nguzo ya dishi nayo ifungwe kwenye ethi hiyohiyo. Hilo la nguzo watu wengi huliruka, na ndilo linalosawazisha zile ardhi mbili.

Kuna njia ya mkato inayojulikana sana: kukata pini ya ethi. Mvumo unaisha kweli. Lakini siku laivu ikigusa bodi la chuma la kifaa, fyuzi haitakatika, na mtoto atakayelishika ndiye atakayekuwa waya wa ethi. Tunakuomba usifanye.

Wakati unasubiri fundi, chomeka TV, king'amuzi na sabufa kwenye ekstensheni moja yenye ethi ya kweli. Soketi ya ampea 13 inabeba karibu wati 2990, na vifaa hivi vitatu havikaribii hapo. Waya za AV ziwe fupi, zikae sentimita 30 mbali na waya za umeme, na zikilazimika kukutana zipishane kama msalaba. Mvumo ukibakia, tia transfoma ndogo ya sauti, ya uwiano wa 1:1, omu 600 kwa 600, katikati ya king'amuzi na sabufa. Zinahitajika mbili, kushoto na kulia. Zile za bei ya chini hula besi, kwa hiyo isikilize dukani kwa wimbo wenye besi unaoujua.

Mlio wa "zzzz" unaotokea ukiwa kwenye sola pekee ni habari nyingine: inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, inatoa wimbi la ngazi ngazi. Hakuna kuhangaika na ethi hapo, inatakiwa inveta ya wimbi safi.