Jitengenezee priampu ya maiki isiyo na kelele kwa vifaa vya Kariakoo

Kuna dogo wa kwaya huko Mbagala aliniletea rekodi yao, wanaimba vizuri mno, besi zimetulia, lakini kila wakinyamaza kidogo unasikia shhhhh kama mihogo inakaangwa na chini yake kuna mmmmm ya umeme. Alishabadilisha maiki mara mbili na hela imekwenda. Maiki haikuwa na shida kabisa, shida ilikuwa kile kidude kinachoipandisha sauti ya maiki, yaani priampu, na hicho unaweza kukitengeneza mwenyewe mezani kwako jioni mbili tatu tu.

Elewa kwanza hili maana ndo msingi wa kazi yote. Maiki ya kawaida ya kuimbia, ile isiyotumia betri, inatoa milivolti chache tu, sasa wewe unaizidisha mara 100, na chochote kilichoingia pale mlangoni nacho kinazidishwa mara 100. Ukishaipokea kelele kwenye hatua ya kwanza hamna mixer wala kompyuta itakayokuja kuitoa bila kula na sauti yenyewe.

Ile shhh inatoka wapi? Inatoka kwenye rizista (kile kidude cha kupunguza mkondo wa umeme) na kwenye aisii, yaani chipu inayokuza sauti. Kila rizista hata ikikaa tu inatoa kelele kwa sababu ya joto, Johnson alilipima hilo kule Bell Labs Marekani na Nyquist akalieleza kwa hesabu, wote walichapisha 1928. Rizista ya kilo 1 (yaani ohmu 1000) inatoa nanovolti 4 hivi kwa kila kipeuo cha pili cha hezi (usiogope jina, we chukua kama kipimo cha kulinganisha tu), ya kilo 10 inatoa kama 13. Na wanaouliza kama joto la Dar linachangia, hapana, kutoka nyuzi 20 hadi 32 kelele inapanda asilimia 2 tu, kwa hiyo usihangaike na feni.

Aisii tutumie NE5532, ya zamani lakini nzuri, datashiti yake (karatasi ya vipimo vya kiwandani) inasema kelele yake ni nanovolti 5 kwa kipimo kilekile. TL072 ambayo mafundi wengi wanaipenda ni 18. Nunua na soketi ya miguu 8 maana feki zipo, unataka uweze kuchomoa na kujaribu nyingine bila kulehemu upya. Rizista chukua zile za metali filimu za asilimia 1, mara nyingi zina rangi ya bluu, achana na za kung'oa kwenye redio za zamani.

Saketi iko hivi. Betri mbili za volti 9, hasi ya kwanza inakutana na chanya ya pili na hapo ndo graundi yako. Chanya iliyobaki inaenda mguu wa 8, hasi iliyobaki mguu wa 4, na kila mmoja wa hiyo miguu miwili unauwekea kapasita ya nano 100 (nano, piko na mikro hapa ni za faradi, kipimo cha kapasita) kwenda graundi, karibu na aisii kabisa, usiiweke mbali ukasema itatosha. Kwenye plagi ya XLR, ile ya maiki ya pini tatu, pini ya 2 ndo sauti, pini 1 na 3 unaziunganisha graundi. Sauti inapita rizista ya ohmu 100, halafu kapasita ya mikro 10, inaingia mguu wa 3. Baada ya ile 100 weka piko 470 kwenda graundi, na mguu wa 3 uwekee kilo 10 kwenda graundi. Kutoka mguu wa 1 rudi mguu wa 2 kwa kilo 10, sambamba nayo piko 220. Kutoka mguu wa 2 ohmu 100 halafu mikro 220 halafu graundi. Sauti inatokea mguu wa 1 kwa mikro 10 na ohmu 100. Ndani ya aisii kuna opampu mbili, yaani vikuzaji viwili, ya pili usiiache inaning'inia, unganisha mguu wa 6 na wa 7, wa 5 peleka graundi. Geini, yaani sauti inazidishwa mara ngapi, hapo ni mara 101, yaani desibeli 40.

Sasa angalia zile rizista mbili za mguu wa 2, kilo 10 na ohmu 100. Mtu mwingine ataweka mega 1 na kilo 10, geini ni ileile 101, kwenye karatasi zinafanana kabisa. Lakini ukipiga hesabu ya kelele pale mlangoni, ukijumlisha aisii, maiki ya ohmu 150 na rizista zote, yetu inakaa kwenye 5 na nusu hivi, ya kwake inafika 15 na kitu. Karibu mara tatu, aisii ileile, bei ileile! Nimeona watu wanatafuta aisii ya bei mbaya kumbe wangebadilisha rizista mbili tu.

Ila ukitaka kuingizia gitaa la umeme usitumie hii kama ilivyo, koili ya gitaa ina ohmu nyingi, mkondo wa kelele wa NE5532 unaanza kuuma na kilo 10 ya mlangoni inaua sauti kali. Hapo TL072 na rizista ya mega 1 kwenda graundi ndo mahali pake.

Mvumo ni ugonjwa mwingine. Umeme wetu ni hezi 50. Ukisikia mvumo mzito laini mara nyingi umeingia kwenye waya au graundi, ukisikia mkwaruzo wa hezi 100 huo unatoka kwenye pawa saplai, na ndo maana nimekupa betri. Adapta za simu ziweke mbali. Graundi zote zikutane sehemu moja tu kama mikono ya pweza, usizifunge kwa mnyororo. Na tafadhali, pini ya ethi kwenye plagi ya amplifaya usiing'oe hata kama mvumo unapungua, hiyo inaua mtu.

Boksi mimi natumia kopo la chuma la maziwa ya unga. Niliyoitengeneza ya kwanza niliiacha wazi mezani, usiku nikavaa hedifoni nikasikia mtangazaji wa redio anasoma magazeti, waya wa maiki ulikuwa umegeuka antena. Zile piko 470 na hilo kopo ndo zilimnyamazisha. Kwangua rangi sehemu moja, lehemu waya mmoja wa graundi pale plagi inapoingilia, toboa matundu, funika. Waya wa maiki usizidi mita 3 kwa sababu saketi hii haina balansi, yaani haifuti mvumo unaoingia kwenye waya. Ukimaliza kulehemu safisha bodi kwa spiriti na mswaki, unyevu wa pwani ukishika mabaki ya fluksi (ile dawa ya kulehemea) unaanza kusikia mipasuko midogomidogo.

Kupima: badala ya maiki chomeka rizista ya ohmu 150 kati ya pini 2 na 3, fungua volyumu, sikiliza. Kisha toa hiyo rizista, ziunganishe pini kwa waya mtupu. Tofauti itakuwa ndogo sana na ndivyo inavyotakiwa, ila kama shhh ni kubwa kote kote badilisha aisii kwanza. Yule dogo tulipima hivyo barazani kwangu, akarekodi tena Jumapili, sasa unasikia wanavyovuta pumzi kabla ya ubeti.

Swichi tumia ile ya miguu sita ikate betri zote mbili kwa pamoja, maana ukikata moja tu aisii inasukuma volti nzima kwenye sauti na spika inapiga pwaa! Betri ikishuka chini ya volti 7 badilisha zote mbili siku hiyohiyo.