Namna ya Kuomba Kivuko cha Waenda kwa Miguu Katika Mtaa Wenu

Kila mtu aliyewahi kusubiri daladala Dar es Salaam ana maoni yake kuhusu barabara: kwamba vijana wa bodaboda hawana adabu, kwamba njia ya waenda kwa miguu imegeuzwa genge la matunda, kwamba wahandisi hawajavuka barabara kwa miguu tangu walipomaliza chuo. Mengi ya maoni hayo ni ya kweli, lakini mhandisi hawezi kuyaingiza katika mpango wake wa kazi, kwa kuwa hayana mahali, hayana saa wala hayana idadi. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuyapa vitu hivyo vitatu pale mnapotaka kivuko, na kwa sehemu kubwa utaratibu ni huo huo mkiomba matuta.

Kwanza mjue barabara ni ya nani. Barabara kuu na barabara za mkoa husimamiwa na TANROADS (Wakala wa Barabara Tanzania), ilhali barabara nyingi za mitaani ziko chini ya TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini), ambayo ilianzishwa mwaka 2017. Kabla ya hapo zilikuwa mikononi mwa halmashauri, na ndiyo maana watu wazima wengi bado hupeleka malalamiko yao kwa mkurugenzi. LATRA (Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini) nayo hushughulikia leseni na nauli za daladala, haichori zebra. Muulizeni mtendaji wa mtaa kabla hamjaandika chochote. Barua yangu ya kwanza ilikaa miezi minne katika ofisi isiyohusika, na hakuna aliyeona sababu ya kuniambia.

Hatua inayofuata ni kuhesabu, na hapa ndipo panapostahili muda wenu mwingi. Chagueni siku ya kazi ambayo shule zimefunguliwa, mkae kando ya barabara kuanzia saa 12:30 hadi saa 1:30 asubuhi, kisha mrudi jioni watu wanapotoka kazini. Mmoja ahesabu wanaovuka, akiwaandika wanafunzi, wazee na watu wenye ulemavu katika safu zao peke yao. Mwingine ahesabu magari, pikipiki na bajaji. Msisahau baiskeli, mikokoteni na guta. Muuza mkate, muuza maziwa na mchuuzi wa mkaa wanatumia barabara ile ile, lakini wasipoandikwa mahali popote barabara itachorwa kana kwamba hawapo.

Baada ya hapo pimeni mwendo wa magari, kazi ambayo haihitaji kifaa cha polisi. Kwa futi ya fundi ujenzi, pimeni mita 50 kandokando ya barabara, wekeni jiwe kila mwisho, kisha tumieni saa ya simu kupima sekunde ambazo gari linatumia kutoka jiwe hadi jiwe. Gari lililotumia sekunde 3.6 linakwenda kilomita 50 kwa saa, kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika maeneo ya makazi. Lililotumia sekunde 6 linakwenda kilomita 30, na lililotumia pungufu ya 3.6 limevunja sheria. Pimeni magari 50 hivi, mkichukua yale ambayo hayazuiwi na foleni, na muandike pia yaliyokwenda polepole, kwa maana karatasi yenye wakosaji peke yao hukataliwa upesi.

Sasa linganisheni mwendo huo na miguu ya binadamu. Mtu mzima mwenye afya hutembea takriban mita 1.2 kwa sekunde, kwa hiyo barabara yenye upana wa mita 7 humchukua karibu sekunde 6 kuivuka. Katika sekunde hizo 6, gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa husogea zaidi ya mita 80, maana yake anayeanza kuvuka anahitaji kuona barabara tupu kwa umbali huo wote, na bibi mwenye mkongojo anahitaji umbali mkubwa zaidi. Simameni pale watu wanapovukia mtazame: kama kona, kibanda au lori lililoegeshwa linaziba macho kabla ya mita 80, basi mmekwisha kupata hoja yenu kuu, na iandikwe pamoja na picha.

Kuhusu mahali pa kivuko, fuateni nyayo. Watu hawatembei mita 200 zaidi ili kumpendeza mchoraji wa ramani, hivyo kivuko kiombwe pale wanapovuka tayari, isipokuwa pana kona ya hatari. Ombeni kiwe juu ya tuta pana lililoinuliwa, maana rangi peke yake haimpunguzii mtu mwendo. Kama kituo cha daladala kipo karibu, kiwe mbele ya kivuko kwa kufuata uelekeo wa magari, ili abiria aliyeshuka avukie nyuma ya basi, mahali ambapo dereva anayekuja anaweza kumwona. Kumbukeni pia mtaro: kivuko kinachoishia kwenye mtaro usio na kifuniko hakimsaidii mwenye kiti cha magurudumu. Wengine watapendekeza daraja la juu kama lile lililokipa jina kituo cha Manzese Darajani. Kwa barabara ya njia nyingi linaweza kufaa, lakini kwa barabara ya mtaa naliona kuwa ni kumpandisha mzee ngazi ili gari lisisumbuke kupunguza mwendo.

Kabla ya barua, zungumzeni na wenye maduka na vijana wa kijiwe cha bodaboda kilicho jirani, kwani wao ndio watakaopinga mkutanoni ikiwa watasikia habari hizo kwa mara ya kwanza pale. Kisha ombi lipelekwe katika mkutano wa mtaa, liingizwe katika muhtasari, na diwani alifikishe kwenye kamati ya maendeleo ya kata. Barua yenyewe isizidi kurasa mbili: ielekezwe kwa meneja wa wakala husika kwa kupitia mwenyekiti wa serikali ya mtaa, iambatanishwe na jedwali la hesabu, picha, mchoro na muhtasari wa mkutano, na iombe jambo moja tu. Bakini na nakala yenye mhuri wa kupokelewa na tarehe.

Wakati nao una uzito. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na mipango huandaliwa miezi mingi kabla, kwa hiyo barua ya mwezi wa Mei huwa imekuta meza imekwisha kupangwa. Ifikisheni kabla ya Novemba, kisha mfuatilie kila mwezi mkiwa na ile nakala mkononi.

Kivuko kikijengwa, rudini na mawe yenu pale pale, saa zile zile, mpime tena magari 50. Kama mwendo haujashuka, matokeo hayo mapya ndiyo yatakayokuwa kiambatisho cha barua ya pili.