OBS imegoma baada ya Windows kujiapdeti? Usiifute kwanza, anzia hapa

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naandika kuhusu OBS, ile programu ya kurushia ibada mubashara, hasa kwa nyie mnaokaa kwenye meza ya mitambo kanisani, ila hata wewe unayerusha harusi na mikutano itakufaa.

Jumapili moja nimewasha laptopu ya kanisa saa 12 na dakika 40 asubuhi, ibada ya kwanza saa 1 kamili, mashine ikaanza kuapdeti. Kumbe jana yake baada ya mazoezi ya kwaya mtu aliizima kwa kubonyeza Update and shut down. Imekuja kuwaka saa 1 na dakika 5, OBS inafunguka vizuri, kamera ipo, sauti hamna kabisa. Nikafanya kitu ambacho nawaomba sana msikifanye, nikaifuta OBS nikaanza kuidaunlodi upya kwa bando la simu, dakika 20 zimeenda, nafungua tena sauti bado hamna, kwa sababu OBS yenyewe haikuwa na shida. Kuna bibi mmoja yuko kitandani anafuatiliaga ibada kwenye simu ya mjukuu wake, siku ile aliona watu wanafungua midomo tu. Iliniuma mno.

Tangu siku hiyo nimeshika hivi: apdeti ya Windows mara nyingi haiui programu, inagusa vitu vilivyo chini yake, yaani ruhusa, majina ya vifaa na draiva (programu ndogo inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa). Setingi za OBS zenyewe zinakaa kwenye folda lake pembeni, kwa hiyo ukiifuta na kuiinstol kawaida unairudisha na shida ile ile.

Tuanze na sauti maana ndo inasumbua wengi.

Kwanza ruhusa. Kwenye Windows 11 ingia Settings, Privacy & security, Microphone, hakikisha swichi ya juu imewashwa alafu shuka mpaka chini kabisa kuna swichi nyingine ya desktop apps, hiyo ndo watu wanaisahau, na OBS iko kundi hilo, haitokei kwenye orodha ya juu pamoja na programu za Store. Ikiwa imezimwa OBS inafunguka kama kawaida ila kipimo cha sauti kimelala tu. Kamera nayo ina ukurasa wake hapo hapo, fanya vile vile.

Pili jina la kifaa. Mixa nyingi za USB Windows inaziita USB Audio CODEC. Baada ya apdeti, au hata ukihamisha waya tundu lingine, Windows inaweza kuiona kama kifaa kipya ikaipa jina la 2- USB Audio CODEC, huku OBS bado inamtafuta yule wa zamani ambaye hayupo. Bonyeza mara mbili ile sosi ya sauti, fungua orodha ya Device uchague upya, basi. Yangu siku ile ilikuwa hii. Sekunde 10.

Kama bado, shika kitufe cha Windows na R, andika mmsys.cpl, enta. Linafunguka lile dirisha la zamani la sauti, mimi nalipenda kuliko Settings mpya maana vitu vyote viko sehemu moja. Nenda Recording, bonyeza mixa yako mara mbili, ingia Advanced, angalia imeandikwa 2 channel na siyo 1, na namba iwe 48000 Hz kama OBS yako imesetiwa 48 kHz, au 44100 kote kote. Ukiona sauti inakwaruza au inachelewa kidogo kidogo mpaka mhubiri midomo na maneno haviendani, anza kwa kukagua namba hizo. Alafu nenda Playback uone spika ipi imewekwa ya kwanza, maana apdeti inaweza kuhamishia sauti kwenye TV ya HDMI ukadhani spika zimekufa.

Picha sasa. Skrini nyeusi ukikamata skrini ya laptopu yenye kadi mbili za grafiki: Settings, System, Display, Graphics, itafute OBS kwenye orodha, ichagulie Power saving, funga OBS ufungue tena. Ikikataa kuanza kurusha inalalamika kuhusu NVENC (sehemu ya kadi ya NVIDIA inayobana video), hapo draiva ya NVIDIA imeguswa, na kama ibada imeshaanza usihangaike nayo, ingia Settings za OBS, Output, badilisha encoder (kinachobana video) iwe x264 inayotumia prosesa, shusha picha iwe 720p, rusheni. Prosesa itapata moto lakini mtamaliza ibada, draiva mtashughulika nayo mchana.

Kama ni VLC, ile programu ya kuchezea video, inayoonyesha kijani au giza kwenye video za kwaya, Ctrl na P, Input / Codecs, Hardware-accelerated decoding weka Disable. Kazi imeisha.

Kurudisha draiva: Device Manager, bonyeza kulia kwenye kifaa, Properties, Driver, Roll Back Driver. Kikiwa kimefifia maana yake ya zamani haikuhifadhiwa, kachukue kwenye tovuti ya waliotengeneza laptopu kwa kutumia namba ya modeli. Tafadhali sana msiguse zile programu zinazojitangaza zitakuapdetia draiva zote bure, nimeshasafisha mashine nyingi kwa ajili yake.

Apdeti yenyewe unaweza kuitoa: Windows Update, Update history, Uninstall updates. Lakini kama mmehama kabisa kutoka Windows 10 kwenda 11, kama wengi tulivyofanya baada ya Microsoft kuacha kuihudumia 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kurudi nyuma kuna siku 10 tu, kupitia System, Recovery, Go back, na folda la Windows.old, lenye Windows yenu ya zamani, lisifutwe ndani ya muda huo.

Na kalenda muijue. Apdeti kubwa ya kila mwezi inatoka Jumanne ya pili, kwetu inakuwa saa 2 au saa 3 usiku. Sisi Jumatano hiyo jioni tunawasha, tunaiacha imalize, tunaristati, tunarusha dakika 5 kwa faragha, mtu anasikiliza kwenye simu. Ikiwa salama tunabonyeza Pause kwenye Windows Update mpaka mwezi unaofuata. Kabla ya yote hayo, kwenye OBS fungua menyu ya Scene Collection ubonyeze Export, na Profile vile vile, ili mpangilio wenu uwe na nakala, weka kwenye flashi, flashi ikae na katibu wa kwaya.